Weusi wa samaki sio ukavu wake

Haya niliyaongea kwenye kikao cha wachakataji na wachuuzi wa samaki wa mto hapa Ifakara. Wengi mliniomba maandishi, basi nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimekata tu pale tulipoanza kubishana bei ya kuni mana pale tungekesha.

Shikamooni wazee wangu. Na wengine wote habari za saa hizi. Naona kina mama wa Kivukoni mmejaa safu zote za mbele, asanteni sana, na kina kaka wa kambi za mtoni wamesimama kule mlangoni, najua kuna mzigo unawasubiri na mnataka mtoke kimya kimya, sitawachelewesha ila viti vipo huku jamani, njooni mkae.

Mimi ni mtu wa lishe, sio mvuvi, kwaiyo siji kumfundisha mtu hapa kutega nyavu wala kupara samaki, hayo mnanizidi kwa mbali. Nimekuja na jambo moja. Mteja akienda sokoni kununua kambale wa moshi anachagua mweusi, anamgeuza huku na huku, anamgonga kwa kidole, akisikia gumu na akiona weusi anasema huyu ndo kakauka, huyu nampeleka mpaka Iringa. Na muuzaji nae kashajua macho ya mteja yanataka nini, kwaiyo anachochea moto samaki awe mweusi tii. Sasa leo nataka tukubaliane kwamba weusi ule hauhusiani na ukavu hata kidogo, samaki anaweza akawa kama mkaa kwa nje na ndani bado ana maji ya kutosha kuoza, na moto ule ule uliompa weusi ndo unaokula lishe yake, ndo unaomwekea sumu, na ndo unaomfanya aanze kunuka kabla gari halijamaliza mlima wa Kitonga kwenye njia ya Iringa.

Tuanze na maji. Perege aliyetoka mtoni sasa hivi, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na bakteria wanaoozesha nyama wanaishi kwa hayo maji. Ukiyapunguza yakabaki kama asilimia 25 ya uzito bakteria wengi wanakwama, hawazaliani tena. Ila ukungu yule wa kijani na mweupe mnaomuona kwenye mzigo wa masika yeye anavumilia zaidi, mpaka ufike kama asilimia 15 ndo nae anasalimu amri. Kazi yote ya kukausha ni hiyo, kutoa maji, hamna uchawi mwingine.

Sasa utajuaje umefika wapi? Mizani. Najua mnazo za kuuzia, kwa nini hamzitumii kupimia ukavu? Chukua samaki wako ukishawatumbua na kuwaosha, wachuje maji, pima, tuseme ni kilo 10. Humo maji ni kilo 7 na nusu hivi, na nyama yenyewe na mifupa na mafuta, yaani vile visivyoruka na mvuke, ni kilo 2 na nusu. Hizo kilo 2 na nusu haziendi kokote, ukiacha mafuta kidogo yanayodondoka. Maji yakibaki asilimia 25 mzigo wako utasoma kama kilo 3 na gramu 300. Ukifika asilimia 15 utasoma chini kidogo ya kilo 3. Kwaiyo mtu aliyeweka kilo 10 akatoa kilo 4 na nusu alafu ananiambia wamekauka angalia walivyo weusi, mimi namwambia humo ndani kuna kilo 2 za maji bado, na unamuuzia mtu maji kwa bei ya samaki, alafu hayo maji yatamuozea njiani wewe ukapoteza mteja. Kambale mnono hesabu inasogea kidogo kwa sababu ya mafuta lakini haisogei mpaka kilo 4 na nusu, tusidanganyane.

Mama mmoja hapa ananitikisia kichwa, anasema mwanangu mimi nabanika usiku kucha, maji yanabaki vipi? Yanabaki mama, na sababu ni moto wenyewe. Samaki mbichi ukimkutanisha na moto mkali saa ile ile anayoingia kichanjani, nyama ya juu inaiva na kuganda haraka, inafanya gamba gumu, na maji ya ndani yanakosa njia ya kutokea, ni kama kitumbua kwenye mafuta ya moto kupita kiasi, nje kahawia safi ndani uji. Ukiendelea kuchochea unaunguza gamba, hutoi maji. Pale nyuma ya kichwa cha kambale na kwenye mgongo ndo panapoficha maji, ukitaka kujua chukua mkubwa kuliko wote kwenye fungu lako, mvunje hapo, angalia uti wa mgongo. Kama nyama inavutika na ina unyevu wa kung'aa, hajakauka, hata awe mweusi kama sufuria ya msibani.

Kwaiyo moto wa kwanza uwe mdogo, samaki awe mbali, upepo upite, maji yatoke taratibu. Baadae ndo unaongeza joto ili nyama iive mpaka kwenye mfupa, hapo unaua vijidudu, alafu unashusha tena unaacha akauke polepole kwa muda mrefu. Wazee waliokuwa wanatundika samaki juu kabisa ya jiko, kule darini, walikuwa wanafanya hiyo hatua ya mwisho bila kuambiwa na mtu wa lishe.

Tuje kwenye sumu sasa, na hapa naomba tukae kidogo.

Chungulia chini ya kichanja wakati kambale yuko juu ya moto. Mafuta yanatoka tumboni na kwenye shingo, yanakusanyika ncha ya mkia, tone linadondoka kwenye kaa, chwaa, ulimi wa moto unaruka juu na moshi mzito mweusi unapanda moja kwa moja kumgusa samaki yule yule aliyedondosha. Ule moshi una masizi, na kwenye masizi kuna familia ya kemikali wataalam wanaiita PAH, ambayo mmoja wao anaitwa benzopairini. Huyu benzopairini IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, limemuweka kundi la kwanza, yaani lile la vitu ambavyo imeshathibitika vinasababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Sisemi ukila samaki wa moshi leo kesho unaumwa, hapana, msiende kunitangazia hivo mtaani. Nasema kiasi ndo kila kitu, na kiasi kinapanda moto unavyokuwa mkali, mafuta yanavyodondokea kwenye kaa, na kuni zinavyokuwa mbaya.

Wazungu wamekazia hapo kweli kweli. Tangu Septemba 2014 Umoja wa Ulaya hautaki benzopairini izidi mikrogramu 2 kwenye kilo ya samaki wa moshi, kabla ya hapo ilikuwa 5. Mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni, kwaiyo ni kitu kidogo cha ajabu, lakini ndo hicho kimewafungia milango wafanyabiashara wengi wa Afrika Magharibi waliokuwa wanapeleka samaki kwa ndugu zao wanaoishi Ulaya. Mtasema sisi soko letu ni Mahenge na Morogoro, Ulaya inatuhusu nini. Sawa, ila mapafu na utumbo wa mtu wa Mahenge hauna tofauti na wa mtu wa Brussels, na nyie mnaokaa kwenye huo moshi kila siku mnauvuta kwanza kabla haujamfikia samaki, hilo sitaki hata kulirefusha mana macho yenu mekundu yanaongea yenyewe.

Kuni. Tumieni mti mgumu, mkavu, uliokaa ukakauka kabisa. Miti ya utomvu kama misindano inatoa masizi mengi. Na mabaki ya mbao za fundi zilizopakwa rangi au kupigwa dawa ya mchwa, matairi, maplastiki ya kuwashia moto, naomba yasikanyage kabisa eneo la samaki. Nimeona mtu anawashia moto chini ya kichanja kwa chupa za maji na mfuko wa rambo, moto umeshika haraka kweli, ila ule moshi wa plastiki wote kambale kaupokea.

Kitu kimoja kizuri, hizi sumu za masizi nyingi zinakaa juu, kwenye ngozi. Kwaiyo wewe mlaji, ukinunua samaki wa moshi mweusi, mloweke maji ya moto, mvue ngozi yote umwage, alafu ndo upike. Najua ngozi ya kambale ni tamu, najua, hata mimi naipenda. Lakini kwa mtoto na mama mjamzito, vua.

Sasa mtu atauliza, mbona usituambie tu tuache moshi tuanike juani yakaisha? Hapana. Moshi una faida yake na mababu hawakuwa wajinga. Ndani ya moshi kuna kemikali nyingine zinazozuia mafuta ya samaki yasiharibike, na mafuta ya samaki ni mali, humo ndo kuna omega 3 ambayo ubongo wa mtoto unaitaka. Kambale na kitoga wana mafuta, ukiwaanika juani wazi wazi siku nzima lile jua na hewa vinayashambulia mafuta, samaki anageuka rangi ya kutu, anakuwa na ukakasi, ukila unahisi koo linawasha. Hiyo omega 3 imeshaondoka na wewe umebaki na harufu. Perege yeye hana mafuta mengi, anapasuliwa mgongo, anapakwa chumvi, anaanikwa, anavumilia jua vizuri. Ndo mana toka zamani mwenye mafuta kaenda motoni, asiye na mafuta kaenda juani. Tusiubadilishe utaratibu huo, turekebishe tu jinsi tunavyoufanya.

Nizungumzie lishe yenyewe mana ndo kazi yangu. Kuna watu wanasema samaki mkavu ni maganda, hana kitu. Wengine wanasema mkavu ana nguvu kuliko mbichi. Wote wanashika mkia mmoja. Gramu 100 za samaki mbichi zina protini kama gramu 18 hivi, zile zile 100 za mkavu zinafika 60, sio kwamba protini imezaliwa kichanjani, ni maji yametoka, vilivyobaki vimebanana. Kwaiyo kilo ya mkavu ni sawa na kilo 3 na kitu za mbichi, mkumbuke hilo mnapopanga bei. Madini hayaungui, kalsiamu ipo, chuma ipo, zinki ipo, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, na dagaa, hao kwa kalsiamu ndo wenyewe.

Vinavyoumia ni vitamini na ubora wa protini. Vitamini A, ambayo kwenye samaki iko zaidi kwenye ini na, kwa wale wadogo, kwenye macho, jua linaiua vibaya. Vitamini B1 haipendi joto la muda mrefu. Na protini, hapa sikilizeni, ina kipande chake kinaitwa laisini, ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, lazima ule. Mahindi yana laisini kidogo. Mchele pia una kidogo. Sasa sisi bonde la Kilombero tunakula nini? Wali na ugali. Samaki ndo anakuja kuziba hilo pengo, ndo kazi yake kwenye sahani yetu. Na laisini ndo ya kwanza kuharibika samaki akiunguzwa, kwaiyo ukimchoma mpaka akawa mkaa umempunguzia kile kile ambacho wali wako ulikuwa unakihitaji kutoka kwake. Mtu anakula samaki, anashiba, anaamini kala protini, lakini sehemu yake nzuri imebaki kwenye moto.

Na hili sio la nadharia. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchi hii wamedumaa, na Iringa, kwa jirani zetu wanaonunua mzigo wenu, ni zaidi ya nusu. Samaki wenu anapanda mlima kwenda kwa hao watoto. Afike akiwa chakula.

Tuje kwenye jua sasa, haraka haraka mana wengi mnalijua. Usianike chini. Mchanga, kinyesi cha kuku, mbuzi anapita, mvua ya ghafla inarusha tope. Kichanja kiwe juu, nyavu imetandikwa, upepo upite chini na juu, samaki anakauka pande zote mbili na anakauka mapema zaidi. Wenzetu wa ziwa Tanganyika, Kigoma na Burundi, wameshahamisha dagaa wengi kutoka mchangani kwenda kwenye vichanja na bei ya dagaa msafi inajulikana. Nzi nao wanapenda samaki akiwa bado ana unyevu, anataga mayai kwenye mashavu na tumboni, kesho yake tayari kuna funza. Ukimtumbukiza samaki kwenye maji ya chumvi kabla ya kumwanika nzi wanapungua, na ukimfunika kwa neti nyepesi wanapungua zaidi.

Kuna na kile kibanda cha nailoni, walianza kukijaribu Bangladesh miaka ya 1970, fito tu na nailoni nyeupe upande wa jua, nyeusi nyuma na chini, tundu la hewa chini na lingine juu. Joto la ndani likipanda kwenye nyuzi 50 funza hawavumilii na nzi haingii, mvua ikinyesha samaki wako ndani. Ila siku ya kwanza acha matundu wazi yote, usifungie samaki wabichi humo wakachemka, utapata lile gamba gumu tulilolisema. Nailoni inachanika, ndio, inabidi ubadilishe, sitaki mtu aje kuniambia baadae sikusema.

Chumvi. Inasaidia sana, inavuta maji, inazuia bakteria. Kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 au 4 za samaki ndo watu wengi wanavyofanya. Lakini WHO inasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na presha imejaa mitaani humu, kwaiyo perege wa chumvi lazima alowekwe, maji yamwagwe, alowekwe tena, na asipewe mtoto mchanga. Na ukiona samaki wa chumvi ana wekundu wekundu kama pinki, hao ni vijidudu wanaopenda chumvi, wanakuja na chumvi chafu ya kurudia rudia. Chumvi uliyotumia mara moja usiirudishie mzigo mwingine.

Kina kaka wa kambini, hili la kwenu. Samaki anayekufa kwenye nyavu usiku na kukaa kwenye maji ya joto mpaka asubuhi, alafu anakaa mtumbwini mpaka saa sita, huyo kaanza kuoza kabla hajamuona mama wa kichanjani. Moto haurudishi nyuma. Vijidudu vinaweza kufa kwa moto lakini sumu ambazo baadhi yao wameshaziacha kwenye nyama hazifi kwa moto. Na kuna tabia ya kuwapeleka kubanikwa wale waliolegea tu, wazuri wanauzwa wabichi, wa harufu wanaenda kwenye moshi ili harufu ipotee. Mnacheka, mana mnajua ni kweli! Zungukieni nyavu mapema, wekeni majani mabichi na kivuli mtumbwini, mkipata barafu mtakuwa wafalme.

Na kutumbua sio urembo. Misri mwaka 1991 watu walikula fesikh, ni samaki wanaomchachusha kwa chumvi na wanamwacha na matumbo yake, wanamla bila kumpika wakati wa sikukuu ya majira ya machipuko. Mwaka ule walilazwa watu 91 na 18 wakafa, sumu ya botulini, ile inayolegeza misuli mpaka mtu anashindwa kupumua. Bakteria wake anakaa kwenye utumbo wa samaki na kwenye tope, anapenda mahali pasipo na hewa, na utumbo ulioachwa ndani ya samaki mkubwa ndo mahali penyewe. Sisi bahati yetu tunapika samaki mkavu mpaka achemke sana, na kuchemka kunaivunja sumu ile, kwaiyo endeleeni kupika vizuri, msianze mambo ya kutafuna kambale wa moshi kavu kavu na pombe kwenye vilabu. Ila toeni matumbo, toeni mashavu, osheni damu ya kwenye uti, na ini likiwa zima lisitupwe, pikeni jioni ile ile, ile vitamini A niliyoisema ndo hiyo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi. Wadudu wa stoo. Wale weusi wadogo wenye gamba gumu na watoto wao wa manyoya manyoya, wanakula samaki mkavu mpaka anabaki unga na ngozi. Hasara yake naijua na sio ndogo. Lakini kumpulizia samaki dawa ya mende, au sumu ya shambani, ndugu zangu, ile dawa inapenda mafuta, inaingia kwenye mafuta ya samaki inakaa, haitoki kwa kuoshwa. Mtu anapika mchuzi wa nazi anadhani anakula kambale kumbe anakula dawa ya mende. Mdudu anauawa kwa joto. Rudisha mzigo kwenye moto mdogo, au utandaze kwenye kile kibanda cha nailoni mchana wa jua kali, alafu uupakie ukiwa umepoa. Na stoo isafishwe, tenga la zamani lenye wadudu kwenye nyufa lichomwe jua au lichomwe moto kabisa.

Nimesema ukiwa umepoa kwa sababu nimeona watu wanafunga samaki wa moto kwenye mfuko wa plastiki. Mvuke unageuka maji ndani ya mfuko, baada ya siku chache ukungu. Mtu anaufuta kwa kitambaa chenye mafuta samaki anang'aa anarudi sokoni. Ukungu mwingine unaacha sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na sumukuvu haifutiki wala haiishi kwa kupika. Samaki mwenye ukungu tupa, na roho ikuume tu.

Tanuri. Mnaonibana kuhusu tanuri bora nisikilizeni. Kuna tanuri la Chorkor, limetoka Ghana, kitongoji cha wavuvi pale Accra, lilitengenezwa kati ya 1969 na 1971. Ni kuta za udongo tu na trei za mbao zenye waya, unazipanga moja juu ya nyingine, moshi hautoroki, kuni zinapungua, na mama hainami kwenye moshi saa zote. Zuri, la bei ya kawaida, fundi yeyote wa matofali anajenga. Tatizo lake mafuta bado yanadondokea kwenye moto, kwaiyo habari ya masizi haijaisha. Ndo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na chuo cha Thiaroye kule Senegal wakaja na tanuri jingine kuanzia 2008, wakaliita FTT Thiaroye, hili lina trei ya kukinga mafuta katikati ya samaki na kaa, lina bati la kusambaza joto, samaki anapikwa kwa kaa zilizoshawaka bila moshi, na moshi wa ladha unaingia mwishoni kutoka pembeni ukiwa umepoa. Hapo PAH zinashuka sana. Ni ghali kwa mtu mmoja, kikundi kinaweza.

Asiye na hela ya tanuri lolote? Inua kichanja. Subiri kuni ziwe kaa kabla hujaweka samaki. Tafuta bati, likunje kingo kama trei, weka mchanga, lining'inize katikati liache nafasi pembeni joto lipite, mafuta yadondokee humo. Nimeona mama anatumia debe lililopasuliwa na kunyooshwa, alikuwa anapata na mafuta anayatumia kwenye taa. Hilo halihitaji mradi wala mfadhili.

Swali la mwisho nililopewa kwenye karatasi, nalisoma: kumsagia mtoto samaki kwenye uji ni sawa? Sawa sana, mradi awe asiye na chumvi, asiye mweusi, umemvua ngozi na kichwa, mifupa migumu imetoka au imesagika kabisa, unamkaanga kidogo bila mafuta unamtwanga unachekecha. Kijiko kimoja au viwili vya unga kwenye bakuli la uji, uchemke nao, sio unyunyizie juu mwishoni. Tunza kwenye kopo kavu na usage kidogo kidogo mana unga wa samaki unaharibika mafuta upesi kuliko samaki mzima.

Na mama pale anasema, yote sawa mwanangu, lakini mimi nikipeleka samaki wa kahawia sokoni wateja wanampita wanaenda kwa jirani mwenye weusi. Ni kweli, siwezi kukuongopea kwamba watabadilika wiki ijayo. Ushauri wangu ni huu, chukua mmoja wako, mvunje mgongo mbele ya mteja, aone uti ulivyo mkavu, alafu mwombe aende akamwambie jirani nae avunje wake. Na kwa wale wa jumla wanaopeleka mbali, uza kwa kilo usiuze kwa fungu, na mwambie akipima tena akifika Mafinga aone umepungua kiasi gani, mzigo wenye maji ndo unaopungua njiani. Wanunuzi wa jumla hesabu hiyo wanaielewa haraka kuliko hotuba yangu yote.

Haya, mzigo wa kina kaka unawasubiri. Aliyekuja na samaki wake abaki, mizani iko hapa mezani, tuvunje tupime.